Kashata za Bibi Barabara ya Belgrave

Mama yangu alipotua Birmingham mwanzoni mwa Oktoba, sanduku lake lilikuwa na doti nne za kanga, iliki, mdalasini, na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa kashata za karanga. Alizipika mwenyewe usiku wa kuamkia safari, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye sufuria ile ile aliyonipikia mimi na ndugu zangu. Mjukuu wake, binti yangu wa miaka 6, alikuwa hajawahi kuonja kashata ya mkono wake. Mama alisafiri na mkebe ule kwenye begi la mkononi kutoka Dar es Salaam, hakuuachia hata mara moja.

Nilikuwa nimemwambia kwa simu zaidi ya mara moja, "Mama, mtoto hali karanga." Lakini ukimwambia bibi kwamba mjukuu hali kitu fulani, yeye husikia kwamba mtoto anadeka. Anajua mwenyewe jinsi ya kumlainisha.

Tulipofika nyumbani Leicester, mtoto alikuwa bado shuleni. Mama akafungua mkebe mezani. Harufu ya karanga zilizokaangwa ikajaa jikoni kwangu, harufu ya utotoni mwangu, na badala ya kufurahi nikaanza kutetemeka. Nikafunika mkebe, nikautia kwenye mfuko, nikaufunga, nikautoa nje mlangoni. Kisha nikachukua kitambaa na sabuni nikaanza kusugua meza.

Mama alisimama akiniangalia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mimi nimemletea mjukuu wangu sumu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimkalisha, nikamweleza kwa mara ya kwanza kila kitu kilichotokea siku ile, jambo ambalo kwenye simu nililificha ili asilale na hofu. Mtoto alikuwa na miaka 2. Alipewa kipande cha mkate kilichopakwa siagi ya karanga. Haikupita dakika kumi, midomo ikavimba, vipele vikatoka mwilini kote, akaanza kukohoa na sauti ikakauka. Gari la wagonjwa likaja, akachomwa sindano ya adrenalini. Tangu hapo hatutoki nyumbani bila sindano mbili kwenye mkoba, kwa sababu moja inaweza isitoshe.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno lililonichoma kuliko lile la sumu. "Sasa huyu mtoto ataonja nini cha kwao?"

Msomaji, ikiwa unalea mtoto mwenye mzio wa chakula ughaibuni, unalijua swali hilo. Wengine hulisema, wengine hulinyamazia.

Lugha nayo ilituchanganya. Kwa Kiingereza karanga, korosho na lozi huitwa kwa neno moja la jumla, na neno hilo hilo linajitokeza mkiani mwa jina la nazi. Sisi kila kimoja kina jina lake, na jina halimdokezi mtu kwamba vina undugu. Mama aliposikia kwamba shule hairuhusu vitu hivyo akauliza, "Na nazi pia? Basi nimpikie nini, maji?" Nikamweleza nilivyoelezwa na daktari wetu. Karanga kwa asili ni jamii ya kunde, ndugu ya maharage na njegere, wala haioti mtini kama korosho. Binti yangu hawezi karanga wala korosho. Nazi anaila, maana vipimo vyake vilionyesha haimdhuru. Kila mtoto ana orodha yake, na orodha hiyo hutoka kwa daktari, haitoki kwa jirani.

Akauliza tena swali ambalo kina mama wengi wa nyumbani huuliza. "Mbona zamani sisi hatukuwa na haya?" Wanasayansi nao wamejiuliza jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2015, watafiti wa King's College London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio. Wale waliolishwa karanga iliyolainishwa tangu uchanga walipata mzio wa karanga kwa kiasi kidogo sana kuliko wale waliozuiwa. Mama akatikisa kichwa. Sisi tulilambishwa uji wa karanga tukiwa hatujaota meno. Lakini nilimwonya papo hapo, na ninakuonya na wewe: elimu hiyo ni ya kuzuia mzio kabla haujaja. Mtoto ambaye tayari ana mzio hajaribiwi nyumbani hata kwa chembe, isipokuwa chini ya uangalizi wa daktari.

Mkebe ulikwenda jioni ile kwa wanafunzi wawili wa Kitanzania wanaosoma hapa mjini. Waliumaliza kabla ya saa sita usiku wakatuma picha ya mkebe mtupu. Mama alicheka kidogo. Asubuhi nikamwambia, "Vaa koti, Mama. Twende Belgrave tukatafute mbegu."

Leicester ni mji wa katikati ya Uingereza, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa treni kutoka London. Ukitoka katikati ya mji ukaelekea kaskazini kwa miguu, baada ya robo saa hivi unaingia Barabara ya Belgrave, ambayo wenyeji huiita Maili ya Dhahabu. Maduka ya sonara yamepangana na maduka ya sari, na baina yao kuna vioski vya peremende za Kihindi, mboga na viungo. Sanamu ya Gandhi imesimama huko tangu 2009. Tulikwenda wakati taa za Diwali zimekwisha kutundikwa juu ya barabara. Mama, aliyekuwa amejikunyata ndani ya koti langu, alisimama mbele ya genge moja akaona bamia, mihogo, majimbi na ndizi za kupika. Akasema, "Kumbe ni Ngamiani hii, ila baridi tu."

Hakukosea sana. Watu wengi waliojenga biashara za barabara hii walitoka kwetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza, na wengi wao walielekea Leicester ingawa halmashauri ya mji huu ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja hivyo hivyo. Wengine walikuwa wametangulia kutoka Kenya na Tanzania. Ndiyo maana hadi leo, ukiwa kwenye foleni ya duka la viungo, unaweza kusikia mzee akimwambia mwenzake "pole pole" katikati ya Kigujarati.

Tuliingia duka moja lenye magunia wazi sakafuni. Mama akasalimia kwa mazoea, "Habari za hapa?" Mzee aliyekuwa nyuma ya mizani akainua kichwa. "Nzuri, mama. Karibu. Unatoka wapi, Mombasa?" Mama akajibu, "Tanga." Mzee akasema yeye alizaliwa Jinja, na kwamba Kiswahili chake ni cha dukani, tusimcheke. Hatukumcheka. Walianza kuulizana bei za miaka ile kana kwamba wamepotezana jana.

Mama akaona sukari guru. Ilikuwa vile vile tunavyoijua, mabonge ya rangi ya kahawia yenye harufu ya miwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno letu la sukari guru lilikuja na watu wa upande huo. Wao huiita gur. Pembeni yake zilikuwa vipande vya chikki, bapa na ving'avu, na Mama akacheka kwa nguvu. "Hizi si kashata?" Kweli ni kashata. Wagujarati hupika za karanga na za ufuta, hasa kwa sikukuu yao ya Januari ya kurusha tiara. Pwani na ng'ambo ya bahari tumekuwa tukila kitu kimoja kwa majina mawili.

Kisha Mama akaonyesha gunia la ufuta na gunia la mbegu za alizeti. "Nipimie nusu kilo kila moja." Nikamweleza mzee kwa nini tunazitaka: mtoto, karanga, gari la wagonjwa. Alikuwa ameshika kopo la kupimia. Akaliangalia kopo lile, akaangalia gunia la karanga lililokuwa hatua moja kutoka kwenye ufuta, akaliweka chini.

"Mimi sikuuzii hizi," akasema. "Kopo hili linaingia kila gunia. Chukua sukari guru ile ya pakiti. Mbegu, nenda supamaketi, nunua zilizofungwa, usome nyuma."

Mama aliona kama tumefukuzwa. Tulipotoka nje nikamwambia kwamba yule mzee ametufanyia hisani kubwa. Amekataa pesa yetu ili mtoto wetu apone. Mama alitembea hatua chache, akageuka, akarudi dukani peke yake. Sijui walisemezana nini, ila alitoka na fungu la kisamvu kilichogandishwa na furaha usoni.

Supamaketi kazi ilikuwa kusoma. Hapa Uingereza sheria inataja vyakula 14 vinavyoleta mzio, na kila kimoja kikiwa ndani ya chakula cha pakiti lazima jina lake liandikwe kwa kukolezwa katika orodha ya viambato. Karanga imo, korosho na wenzake wamo, na ufuta pia umo. Huo ni upande rahisi. Upande mgumu ni ile sentensi ndogo ya chini inayosema kwamba bidhaa huenda ina chembe za karanga. Kiwanda hakilazimishwi na sheria kuiandika. Pakiti isiyo nayo inaweza kuwa imetoka kwenye mashine safi, au imetoka kwa mwenye kiwanda ambaye hakuona haja ya kukuonya. Kwa hiyo mimi huandikia kampuni barua pepe na kuuliza swali moja: je, mashine inayopakia mbegu hizi hupakia pia karanga au korosho? Wakijibu waziwazi nanunua. Wasipojibu, siwapi pesa yangu.

Siku ile nilikuwa na kampuni mbili tu nilizokwisha kuwauliza. Tukachukua mbegu za alizeti zilizomenywa, mbegu za maboga zilizomenywa, na pakiti ndogo ya ufuta. Mama alishika pakiti ya mbegu za maboga akatazama bei, akatazama rundo la maboga ya rangi ya chungwa yaliyorundikwa mlangoni kwa ajili ya sikukuu yao ya tarehe 31 Oktoba. "Haya wanayafanyia nini?" Nikamwambia wanayatoboa macho na mdomo, wanatia taa ndani. "Na mbegu?" Nikamwambia wengi wanatupa. Mama alitaja jina la Mungu. Tukarudi nyumbani na boga moja zito ambalo hatukulipanga.

Jikoni tuliamua kanuni kwanza. Sufuria ya kashata ni mpya, haijapata kupikiwa karanga. Mwiko ni mpya, kwa sababu mbao hunyonya mafuta. Kinu nilichokuwa nacho niliwahi kutwangia karanga zamani, kikatoka, tukasaga iliki kwenye mashine iliyooshwa kwa sabuni. Mafuta ya kupaka sinia ni ya nazi, si ya karanga. Mama alifuata yote bila kulalamika, ila akaninong'oneza, "Mwanangu, umekuwa kama mkaguzi wa afya wa soko la Ngamiani."

Chungu cha kwanza kiliharibika. Mama alipika kwa mazoea ya karanga: alikaanga mbegu muda ule ule, na mbegu haziwezi moto huo. Ufuta uliungua wakati alizeti bado mbichi, kashata ikawa chungu kama dawa. Chungu cha pili sukari haikufika, zikabaki zikinata kwenye meno. Cha tatu ndicho ninachokuandikia hapa.

Pima mbegu za alizeti zilizomenywa gramu 140, mbegu za maboga zilizomenywa gramu 140, na ufuta gramu 60. Sukari guru iliyopondwa gramu 250, maji vijiko viwili vya chakula, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, tangawizi ya unga kidogo, na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Kaanga kila mbegu peke yake, moto mdogo, bila mafuta. Za maboga hutuna na kuanza kuruka. Za alizeti hubadilika rangi kidogo tu. Ufuta hutaka dakika mbili au tatu, usiuache uende kujibu simu. Ziweke pamoja mahali pa joto, kwa sababu mbegu baridi hugandisha sukari kabla hujachanganya.

Yeyusha sukari guru na maji kwa moto wa wastani, ukikoroga. Itatoa povu, kisha itazidi kuwa nzito na kung'aa. Pima kwa njia ya Mama: dondosha tone ndani ya bakuli la maji baridi. Likiwa laini kama ulimbo, bado. Likikatika kwa mlio kama kigae, epua mara moja. Tia viungo na chumvi, mwaga mbegu zote, changanya haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Funika kwa karatasi ya kuokea, sukuma kwa kifimbo cha chapati hadi iwe bapa, kisha kata vipande ikiwa bado moto. Ukisubiri ipoe utaivunja, haitakatika. Na watoto wakae mbali, maana sukari inayochemka huunguza kuliko maji.

Sitakudanganya kwamba hii ni dawa kwa sababu tu ina mbegu. Sukari guru ni sukari. Mbegu za maboga zina madini ya chuma, magnesiamu na zinki, za alizeti zina vitamini E, zote zina protini na mafuta mazuri, lakini kipande kimoja au viwili kwa siku kinatosha. Ndiyo maana siku za kawaida tunatengeneza kitu chepesi zaidi, bila sukari ya kuongeza. Tende gramu 250 zilizotolewa kokwa, zikilowekwa kwenye maji moto dakika kumi na kukamuliwa, zikasagwa pamoja na gramu 150 za mbegu zilizokaangwa. Viringisha vidonge, vigaragaze kwenye nazi kavu iliyokunwa, weka kwenye friji. Vinakaa wiki nzima, kama havijaliwa. Ila tende nazo somea pakiti, kwani nyingine hufungwa pamoja na zile zilizojazwa lozi.

Boga la Mama lilitupa somo lingine. Alilipasua, akachota mbegu kwa mkono, akaziosha hadi utelezi ukaisha, akazianika juu ya kitambaa usiku kucha. Kesho yake akazitia kwenye sinia na mafuta kidogo, chumvi na pilipili ya unga, zikaingia kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika ishirini na tano hivi, akizigeuza. Mwisho akakamulia ndimu. Akamwita mjukuu. "Njoo uone. Hizi hazikupita kiwandani, wala hakuna kopo lililoingia gunia la karanga. Mungu amezifunga mwenyewe ndani ya boga, mimi ndiye niliyefungua."

Nilisimama mlangoni nikamsikiliza. Wiki nzima nilikuwa nikihangaika kumfundisha lebo na viwanda, na yeye alikuwa ameelewa jambo zima kwa njia yake: usalama wa mtoto huyu ni kuijua njia ambayo chakula kimepita hadi kufika mkononi mwake.

Binti yangu aliketi juu ya kiti, miguu ikining'inia, akitafuna mbegu za maboga kwa maganda yake na kuuliza kama Bibi alizila alipokuwa mdogo. Mama akamwambia ndiyo, alizila akitoka chuoni, kwenye kikunjo cha gazeti. Kisha akampa kashata. Mtoto aliigeuza huku na huku akaniangalia mimi kwanza. Watoto wa namna hii hujifunza mapema kumtazama mama kabla ya kula. Nikamwambia, "Kula. Ni yako." Alipoiuma ilitoa mlio. Mama aligeuka upande wa dirisha, akajifanya anatafuta kitambaa.

Kwa ajili ya shule tulipika chungu kingine bila ufuta. Ufuta una watoto wake unaowadhuru, na si vyema nimkinge wangu kwa kumhatarisha wa mwenzangu. Nilimwandikia mwalimu mkuu orodha kamili ya viambato, akaturuhusu. Ndugu zetu wa Marekani, kumbukeni kwamba huko ufuta uliingizwa kwenye orodha ya vyakula vya kutajwa kisheria tangu Januari 1, 2023, ukawa wa tisa. Na mlio Oman na nchi za Ghuba, halua ya sikukuu mara nyingi hupambwa kwa lozi na korosho. Ulizeni kabla mtoto hajachovya kidole, wala msione haya. Mwenye nyumba mwema hataudhika.

Mambo mengine machache tuliyojifunza kwa makosa. Ukitumia siagi ya alizeti kwenye biskuti zenye soda ya kuokea, usishangae zikigeuka kijani ndani baada ya kupoa. Ni kemikali ya asili ya alizeti inayokutana na soda, hazijaoza wala hazidhuru. Mtoto mdogo asiyeweza kutafuna vizuri usimpe mbegu nzima wala kashata ngumu, msagie. Na kila anayemlea mtoto, awe bibi, shangazi au mwanafunzi anayekuja kumshika jioni, aonyeshwe sindano ilipo na jinsi ya kuitumia. Mama alifanya mazoezi na ile ya kujifunzia isiyo na sindano, akihesabu kwa Kiswahili, hadi akaweza: kwenye paja, kwa nguvu, shikilia. Kisha piga simu ya dharura, mlaze mtoto na umwinulie miguu. Akishindwa kupumua, aketi. Asisimame wala asitembee.

Mama alikaa nasi wiki nane. Alirudi Belgrave mara nne, peke yake, kwa basi, na kila mara alichelewa kwa sababu ya mazungumzo ya Jinja na Tanga. Safari ya mwisho alimpelekea yule mzee kashata zetu kwenye karatasi. Mzee alikula moja akasema haikosi kitu. Mama aliniambia kwamba ni mwongo, inakosa karanga, lakini ni mwongo mzuri.

Alipoondoka, mkebe wa maziwa ya unga ulirudi naye ukiwa umejaa kashata za mbegu kwa ajili ya majirani wa Ngamiani. Nilidhani habari imeishia hapo. Wiki mbili baadaye akatupigia simu ya video. Alikuwa jikoni kwake, na nyuma yake ukutani, juu kabisa, mbali na vyombo vingine, ilikuwa imetundikwa sufuria ndogo inayong'aa, na mwiko mpya umefungwa kwa kamba kwenye mpini wake.

"Mwambie mjukuu wangu," akasema, "mkija likizo, ile ni yake. Nimewaambia wote hapa nyumbani: sufuria hii haijaonja karanga, na atakayeipikia karanga atanijua."

Binti yangu alisogeza uso karibu na simu aione vizuri. Kisha akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza tangu azaliwe. "Mama, tunakwenda Tanga lini?"